Mzinga wa Pili

Saa 12 jioni mpira tuliuacha uende zake. Hata kama mtu alikuwa amebaki na kipa peke yake, hata kama tulikuwa nyuma kwa bao moja na giza linaingia, tarumbeta ya kushusha bendera ikilia kila mmoja alisimama pale pale alipo, mikono ubavuni, uso upande wa mlingoti, na mpira ukabingirika mpaka ulipochoka. Akina mama waliokuwa wanatoka bombani walisimama na ndoo zao kichwani. Mwenye baiskeli alishuka akaishika usukani. Fundi cherehani wa karibu na duka la kambi, ambaye hakuwa mwanajeshi wala hakuwa na ndugu jeshini, aliinuka kwenye kigoda chake na sindano mdomoni. Bendera ilishuka taratibu, ikapokelewa kabla haijagusa ardhi, ikakunjwa. Tarumbeta ikinyamaza tu, makelele yote yalirudi kwa mkupuo, na sisi tukaanza kugombana nani alikuwa karibu na mpira.

Nimekulia kwenye kota za jeshi mkoani Morogoro. Baba yangu alikuwa fundi magari wa kikosi, na alistaafu akiwa sajini. Nasema alikuwa fundi kwa sababu watu wengi wakiona gwaride kwenye televisheni wanadhani wale waliopangwa pale kazi yao ni gwaride. Wale ni madereva, wapishi, mafundi mitambo, makarani, wauguzi, watu wa mizinga na watu wa mawasiliano. Baba alichaguliwa kwa urefu wake na kwa mgongo wake usiopinda. Kila mwaka kuanzia katikati ya Novemba aliacha spana zake, akapanda lori na wenzake kwenda Dar es Salaam kwenye mazoezi ya sherehe za Uhuru, na tulimwona tena baada ya tarehe 9 Desemba, amekonda na shingo imeungua jua.

Ninachokumbuka zaidi ya gwaride lenyewe ni usiku wa kuamkia safari. Nyumba nzima iligeuka karakana. Mama alikoroga wanga wa muhogo kwenye sufuria ndogo, mwepesi kama uji wa mgonjwa, akautumbukiza ukosi na mikono ya shati, kisha pasi ya mkaa ikapita huku anapuliza majivu mbali. Mstari wa suruali ulitakiwa uwe mmoja tu. Ukitokea wa pili, hata kwa mbali, nguo inarudi majini na kazi inaanza upya. Mimi na kaka yangu tulipewa vifungo na bamba la mkanda, braso na kitambaa cha fulana kuukuu, tukasugua mpaka vidole vikawa vyeusi na shaba ikawa na nyuso zetu ndani yake.

Buti hakumpa mtu. Alikaa kwenye stuli mlangoni, kopo la kiwi upande mmoja na maji kwenye kizibo upande wa pili, pamba imezungushwa kwenye ncha ya kidole. Anagusa kiwi, anagusa maji, anazungusha vidogo vidogo pale kwenye ncha ya buti, anapuliza, anarudia. Saa nzima kwa buti moja. Niliwahi kumuuliza kwa nini anahangaika hivyo wakati Rais amekaa mbali jukwaani na buti haioni. Akasema, "Anayeiona ni aliye nyuma yangu." Nilidhani anazungumzia afande wake. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba alikuwa anazungumzia mstari: askari wa mstari wa pili anamtazama wa mstari wa kwanza, na yule wa tatu anamtazama wa pili, na kama mmoja amekuja amelegea, ulegevu ule unatembea hadi mwisho wa kombania.

Alinifundisha pia kusimama. Mtu anaweza kudhani kusimama hakufundishwi. Jaribu kusimama mguu sawa kwa saa moja na nusu kwenye jua la Desemba pale Dar es Salaam, kofia nzito, ukosi umekaza, bunduki begani, huku hotuba inaendelea. Magoti ukiyakaza kabisa damu inatuama miguuni, moyo unakosa cha kutosha kupeleka kichwani, macho yanaanza kuona vimulimuli, na mtu anaanguka kama mgomba. Baba alisema dawa ni mbili: magoti yawe na ulegevu usioonekana, na vidole vya miguu visiache kucheza ndani ya buti. "Nje jiwe, ndani unacheza ngoma."

Kila mwaka kuna video inasambaa kwenye makundi ya WhatsApp, askari ameanguka kwenye gwaride, na chini yake vicheko. Huwa siwezi kucheka. Ukiitazama vizuri ile video utaona wenzake wa kulia na kushoto hawageuzi hata jicho. Watu wa machela wanakuja, wanambeba, na nafasi yake inabaki wazi kama jino lililong'oka. Wenzake wanampenda. Wamelala naye hema moja wiki tatu. Lakini wamekula kiapo cha kutotikisika, na kutotikisika huko ndiko kazi waliyotumwa siku ile. Mtu anayejua ugumu wa jambo hilo hacheki.

Amri za gwaride letu ni za Kiswahili, na mimi naona fahari kwa hilo kila ninapozisikia. Mguu sawa. Mguu pande. Nyuma geuka. Mbele tembea. Ziko fupi, zinapasuka mdomoni, na zina nafasi ya kuvuta pumzi kati ya neno la kutahadharisha na neno la kutenda. Jeshi hili la Wananchi lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964, miezi michache baada ya maasi ya Januari mwaka huo, pale askari wa Tanganyika Rifles walipoasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Jeshi lile la zamani, lililorithiwa kutoka King's African Rifles la Waingereza, likavunjwa. Kwa hiyo mtu akiniuliza gwaride linasaidia nini kwenye vita vya leo vya ndege na makombora, namkumbusha kwamba nchi hii imewahi kuamka asubuhi na kukuta wenye bunduki hawamsikilizi mtu. Jeshi lililoundwa baada ya hapo lilianza na kujifunza kugeuka pamoja kwa neno moja.

Na sisi watu wa huku tulipenda mambo haya kabla hayajawa yetu. Ngoma ya beni ilianzia pwani, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Vijana waliona bendi za kijeshi za wakoloni wakazichukua, tarumbeta, ngoma, vyeo, sare na mwendo wake, wakazifanya zao. Wakagawanyika makundi mawili, Marini na Arinoti, wakashindana kwa mavazi na kwa mashairi. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, askari na wapagazi wakaibeba beni hadi bara. Waliocheza beni hawakuwa wakiiga kwa ujinga. Waliona kwamba mwendo wa pamoja unampa mtu kimo, wakakitaka kimo hicho wao wenyewe bila kukipewa na bwana yeyote.

Wapagazi wale wa vita, Carrier Corps kwa Kiingereza, ndio waliotuachia jina la Kariakoo. Walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na kuhara na kuchoka kuliko kwa risasi, na wengi wao walifukiwa kando ya njia bila jina. Pale katikati ya Dar es Salaam kuna ile sanamu ya Askari, ya shaba, iliyosimamishwa mwaka 1927, bunduki mbele, ncha ya singe imeelekea bandarini. Maandishi yake yanawataja askari na pia yanawataja wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Nikipita pale kwenye foleni huwa nafikiria mpagazi mmoja, yeyote, aliyeanguka na mzigo wa unga njiani. Nani alimsimamia hata kwa dakika moja?

Tarehe 25 Julai kila mwaka ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote katika kalenda ya taifa letu, kuliko hata Uhuru. Ni Siku ya Mashujaa. Zamani ilikuwa inafanyika zaidi pale Mnazi Mmoja, lakini miaka mingine imepelekwa kule walikolala wenyewe. Mwaka 2014, kwa mfano, Rais Kikwete aliadhimisha Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya waliokufa vita vya Kagera. Sasa kitaifa ni Dodoma. Usiku wa kuamkia siku hiyo huwashwa mwenge wa kumbukumbu, na asubuhi gwaride la maombolezo linaingia, bendi inapiga taratibu, na hakuna mbwembwe.

Kuna sehemu ya shughuli hiyo ambayo naomba kila mzazi amwonyeshe mtoto wake. Kwanza unapigwa mzinga mmoja. Baada ya hapo ni kimya. Kimya hicho kinakaa mpaka upigwe mzinga wa pili. Kisha viongozi wanakwenda mmoja mmoja kwenye mnara, na wanaweka silaha za jadi. Rais anaweka mkuki na ngao. Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi anaweka sime. Kiongozi wa mabalozi anaweka shada la maua. Meya anaweka upinde na mishale. Mzee anayewawakilisha askari wa zamani anaweka shoka. Halafu zinafuata dua na sala za viongozi wa dini.

Tazama mpangilio huo. Shada la maua ni la mgeni, balozi, kwa sababu ndivyo kwao wanavyowaheshimu wafu wao, na tunalipokea kwa mikono miwili. Wenyeji wanaweka silaha. Na ni silaha zipi? Wamatumbi walipoanzisha Vita vya Majimaji kwa kung'oa miche ya pamba ya Mjerumani mwezi Julai 1905, vilivyokuwa mikononi mwao vilikuwa vitu vya aina hiyo, mikuki na mishale na magobore machache. Wangoni walionyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906 walikuwa wamepigana kwa mikuki na ngao. Kwa hiyo Amiri Jeshi Mkuu, ambaye ana vifaru na ndege chini ya amri yake, akiinama na kuweka mkuki pale chini, anawaambia watu wa 1905 kwamba jeshi hili linawatambua. Sijui ni nani aliyeubuni utaratibu huo, lakini ninamshukuru.

Shoka ndilo linalonigusa zaidi. Sime ni ya kupigania, ngao ni ya kujikinga, lakini shoka linatoka nyumbani, la kupasulia kuni na kukatia nguzo. Mtu aliyekwenda vitani na shoka alilichomoa mlangoni kwake. Na anayeliweka ni mzee, mara nyingi mkono unatetemeka, na afisa kijana anamsindikiza hatua kwa hatua kwa mwendo wa mzee, hamharakishi.

Neno lenyewe mzinga ni la nyuki. Babu zetu waliona chombo cha chuma chenye tundu, kimelazwa kama gogo la nyuki juu ya mti, wakakiita hivyo hivyo. Zamani za mabaharia, inasemekana, meli iliyofika bandari ya kigeni ilifyatua mizinga yake yote ili wenyeji waone kwamba imebaki mitupu, haina nia mbaya. Leo mizinga 21 hupigwa kwa Rais na kwa wimbo wa taifa. Pale Chato, tarehe 26 Machi 2021, ilipigwa kumzika Rais Magufuli. Nilikuwa nimeketi na Baba mbele ya televisheni, na mpaka wa 21 alikuwa anahesabu kwa vidole gotini.

Lakini heshima kubwa kuliko zote niliyoiona haikuwa na mizinga.

Nilikuwa na miaka 11. Jirani yetu wa mlango wa tatu, koplo mmoja mcheshi tuliyemwita Baba Zawadi, aliugua wiki mbili akafariki. Kwao ni Iramba, mkoani Singida. Jeshi likatoa lori kwa ajili ya jeneza na askari, na basi la kikosi kwa ajili ya familia na majirani. Mama alikuwa rafiki wa mjane, kwa hiyo tulikwenda. Tuliondoka Morogoro jioni, tukapita Dodoma usiku wa manane, na asubuhi tulikuwa kwenye barabara ya vumbi. Wakati huo lami ilikuwa bado haijafika huko.

Kilomita kama tatu kabla ya kijiji, lori lilisimama chini ya mbuyu. Nilidhani tairi limepasuka. Askari wakaruka chini, wamefunikwa vumbi hadi kope. Hakuna aliyetoa amri kwa sauti. Mmoja akashusha dumu la maji, wakanawa uso na shingo kwa zamu. Wakafungua mifuko yao, wakavua kombati zile za safari nyuma ya lori, wakavaa sare zilizonyooshwa, zilizosafiri usiku kucha zimetundikwa kwenye paa la turubai ili zisikunjamane. Baba akachuchumaa kwenye mzizi wa mbuyu, akatoa kopo lake la kiwi na pamba. Akamaliza buti zake, akampitishia kopo wa pili yake, naye wa pili yake. Kisha wakaitoa bendera ya taifa kwenye mfuko wake, wakaikung'uta mara moja, wakaitandaza juu ya jeneza, watu wanne kwenye pembe nne, wakaivuta mpaka mkunjo wa mwisho ukaisha. Juu yake wakaweka bereti ya marehemu na mkanda wake. Mkanda huo ulikuwa umepigwa braso. Sijui ni nani aliyeupiga braso mkanda wa mtu aliyekufa, na lini.

Hakukuwa na mtu wa kuwaona pale mbuyuni isipokuwa mbuzi na mimi dirishani kwenye basi.

Wakaingia kijijini wanatembea. Waliobeba jeneza walikwenda kwa mwendo wa pole, ule mwendo ambao mguu unasita hewani kabla ya kukanyaga, na nyuma yao wanane wenye bunduki, mitutu imeelekezwa chini. Kelele za msiba zilizokuwa zimeanza zikakatika. Wanakijiji walikuwa wamezika watu wengi, lakini hawakuwa wameona mtu wao akiletwa hivyo. Baba Zawadi alipoondoka pale alikuwa kijana mchunga ng'ombe.

Mchungaji akamaliza sala. Bendera ikatolewa, ikakunjwa, mjane akakabidhiwa. Jeneza likashuka. Wale wanane wakaelekeza bunduki juu, na zile risasi baridi, za mlio tu, zikapigwa mara ya kwanza, kwa pamoja, kama mlango mmoja mkubwa uliofungwa kwa nguvu. Ndege wote wakaondoka mitini. Watoto wakakimbilia kwa mama zao. Na katika ukimya kabla ya mara ya pili, bibi kizee aliyekuwa amekaa chini karibu na kaburi, mama mzazi wa marehemu, akauliza kwa Kinyiramba kwa sauti ya juu. Baadaye tuliambiwa alichosema: "Wanampiga nani tena?"

Hawakuweza kumjibu. Wakapiga mara ya pili. Wakapiga mara ya tatu. Mpiga tarumbeta akapiga ule wimbo wa maombolezo, na pale juu ya ile noti ndefu akatetereka kidogo, maana vumbi la safari lilikuwa bado kifuani mwake.

Shughuli ilipokwisha, Baba alikwenda kwa yule bibi akapiga magoti yote mawili kwenye udongo, na suruali ile yenye mstari mmoja. Mjukuu akatafsiri. Baba akasema, "Hatumpigi mtu, Mama. Ni hodi. Tunawabishia hodi waliotangulia wampokee." Sidhani kama kuna kitabu cha kijeshi kilichoandikwa hivyo. Maelezo ninayoyajua mimi ni ya vita vya zamani vya Ulaya, kwamba milio mitatu ilikuwa ishara kwamba wafu wameshaondolewa uwanjani na mapigano yanaweza kuendelea. Nimeyasoma hayo, na bado nashikilia ya Baba.

Maganda ya risasi huhesabiwa. Risasi nane mara tatu, maganda 24, na yote yanatakiwa yarudi kambini. Askari waliinama kwenye majani wakayaokota, wavulana wa kijiji wakawasaidia, wakapata 23. Wakatafuta tena. Nikaona Baba anamtazama yule bibi, na mkono wa bibi umefumbwa kwenye pindo la kanga. Aliyekuwa kiongozi wa kundi naye akaona. Akasimama kidogo. Kisha akafunga daftari lake, akaagiza watu wapande gari. Njiani kurudi hakuna aliyelizungumzia ganda lile, na mimi sikumwambia mtu mpaka Baba alipostaafu. Aliponisikia alitikisa kichwa akasema, "Ulikuwa na macho wewe."

Mwaka 2017, tarehe 7 Desemba, kituo cha walinda amani cha Semuliki, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, kilishambuliwa, na wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa. Siku mbili baadaye ilikuwa sikukuu ya Uhuru. Miaka minne kabla yake, Julai 2013, tulipoteza saba Darfur, nchini Sudan. Majeneza yale 14 yalipopangwa kwenye mstari Dar es Salaam, kila moja na bendera yake, niliyatazama kwa namna ambayo labda watu wengine hawakuyatazama. Nilihesabu pembe. Bendera 14, pembe 56, na kila pembe ilivutwa na mtu mpaka mkunjo ukaisha. Wengi wa waliozivuta walikuwa wanawajua waliolala ndani. Hawaruhusiwi kulia wakiwa kwenye mstari. Kwa hiyo wamepewa la kufanya kwa mikono.

Najua hoja za wanaosema sherehe hizi zinakula fedha. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za tarehe 9 Desemba, akaagiza siku hiyo itumike kufanya usafi, maana kipindupindu kilikuwa kinaua watu, na fedha zikapelekwa kwenye upanuzi wa barabara ya Mwenge hadi Morocco. Siwezi kupinga usafi wakati watu wanakufa. Baba mwenyewe alichukua reki akaenda kufagia mtaro. Nami naona chakula cha wageni, mahema yenye pazia, magari ya msafara na fulana za kugawa vinaweza kupunguzwa kesho asubuhi na hakuna shujaa atakayelalamika. Lakini mlingoti, tarumbeta, kopo la kiwi na watu wanane wanaojua kufyatua kwa pamoja havigharimu kiasi cha kutikisa bajeti. Nchi inayojua kuvitenganisha hivyo viwili haitalazimika kuchagua kati ya barabara na heshima. Kinachonisumbua zaidi ni sisi raia. Mzinga wa kwanza umelia, watu wameinua simu kupiga picha, mwingine anaongea na mtu wa hema la pili. Askari amesimama saa mbili kwa ajili ya dakika ile, nasi tunashindwa kuinyamazia.

Baba sasa ana miaka 71. Anaishi Kihonda, ana kuku na miti miwili ya miembe, na goti la kulia linamsumbua. Tarehe 25 Julai mwaka jana nilikuwa kwake na mwanangu wa miaka minne. Nilipoamka nilimkuta kwenye stuli mlangoni, kopo upande mmoja, maji kwenye kizibo upande wa pili. Viatu vyenyewe ni vya kawaida, vya kuendea kanisani. Alivaa koti, akakaa mbele ya televisheni.

Mwanangu alikuwa anaendesha gari lake la plastiki sakafuni, mlio wote na mate mdomoni. Mzinga wa kwanza ulipolia, Baba alijishika kwenye kiti akainuka, polepole, goti likagoma kisha likakubali. Akasimama mikono ubavuni. Nami nikasimama. Mtoto akatutazama mmoja baada ya mwingine. Gari lilikuwa bado linakwenda peke yake kuelekea ukutani, naye akaliacha. Akasogea akasimama kando ya mguu wa babu yake, mikono ubavuni, mmoja umefumba ngumi.

Baada ya muda akanong'ona, "Babu, tunasubiri nini?"

Baba hakugeuka wala hakujibu. Nilitazama viatu vyake. Ngozi ya kiatu cha kushoto, pale kwenye ncha, ilikuwa inapanda na kushuka kidogo kidogo. Alikuwa anacheza vidole.

Mzinga wa pili ukalia.

"Huo," akasema, akakaa.